Paka mzee naye ana haki ya kutunzwa

 

Ndugu msomaji, nyumbani kwetu yupo paka mwenye umri wa miaka 14. Kwa muda mrefu alilinda mchele na unga wetu dhidi ya panya. Hivi sasa amekonda, manyoya yamefifia, anakunywa maji mno, anakojoa mno na kutapika mara kwa mara. Daktari wa mifugo alimpima damu, akatueleza kuwa figo zake zimedhoofika na matumbo yake yana maradhi ya kudumu. Jirani yetu, kwa nia njema, akatupa ushauri uliozoeleka: mtieni katika gunia, mkamwache soko la samaki.

Ushauri huo ndio ulionisukuma kuandika. Wengi wetu twaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie chakula. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Twawasimulia watoto wetu, kisha twadhani kwamba anayemfungulia paka mlango amesalimika. Je, paka mgonjwa asiye na nguvu za kuwinda, akitupwa sokoni, atajitafutia nini? Huyo naye amefungiwa, ingawa hapana ukuta.

Imamu Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1262, alizitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Miongoni mwa haki hizo ni kumgharamia hata anapodhoofika au kuugua kiasi cha kutokuwa tena na manufaa. Madhehebu hayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Basi haki ya mnyama haikatiki siku anaposhindwa kukamata panya.

Wapo watakaosema kuwa paka huyo anachafua mikeka ya sala. Ni kweli kwamba mkojo na matapishi yake ni najisi, lakini najisi huondoshwa kwa maji, haiondoshwi kwa dhulma. Wengine watauliza: vipi tumgharamie paka ilhali mayatima wana njaa? Haki ya yatima haimpunguzii mtu wajibu wa kiumbe aliyemweka mwenyewe nyumbani mwake. Asiyeweza kabisa na amtafutie mwingine atakayemtunza.

Na utunzaji wenyewe, sehemu kubwa yake si ghali. Figo zilizoharibika kwa maradhi haya hazirudi kama zamani, ila mnyama aweza kuishi kwa raha akisaidiwa. Figo dhaifu hushindwa kuhifadhi maji, hivyo mwili hukauka hata kama paka anakunywa sana. Choo huwa kigumu, na taka zinazobaki katika damu humletea kichefuchefu. Awekewe maji safi mahali zaidi ya pamoja. Apewe chakula laini chenye majimaji, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Dagaa wakavu, pamoja na mifupa yao, wana fosforasi nyingi inayozielemea figo, wapunguzwe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Mchuzi wenye kitunguu ni sumu kwake, na panadoli, hata kidonge kimoja, humuua. Akikataa kula kwa siku nzima, daktari aulizwe upesi, maana njaa ya siku chache huharibu ini la paka. Daktari aweza kumwongezea maji chini ya ngozi na kumpa dawa ya kutuliza kutapika.

Ikifika hali ambayo daktari hana tena la kufanya, waulizwe wanavyuoni wenye elimu. Gunia halikuwa fatwa hata siku moja.

Ndugu zangu, watoto wanatutazama. Wanajifunza kwetu namna ya kumtendea asiyekuwa na faida tena, na sisi nasi tunazeeka.

Tunamuomba Allah atutie huruma nyoyoni mwetu. Amin.