MCHORAJI NAYE NI MJENZI WA NCHI

Wako watu humu nchini ambao kijana akisema anakwenda chuo cha wananchi kusomea usanifu wa michoro na maandishi, humcheka. "Ati kuchora! Huyo masomo yamemshinda." Sisi twasema hiyo ni kasumba, na kasumba haikuondoka siku iliposhushwa bendera ya mkoloni.

Twawauliza watu hao. Katika uchaguzi wa 1965, wananchi wa Tanzania Bara wasiojua kusoma waliwachaguaje wabunge wao? Wagombea walipewa alama: huyu jembe, yule nyumba. Bibi kizee alitazama karatasi, akamjua mtu wake. Mchoro ulimpa haki yake.

Sasa tazameni Marekani, nchi ya mitambo. Mwaka 2000, huko Palm Beach katika jimbo la Florida, karatasi ya kura ilipangwa vibaya: majina kushoto na kulia, matundu ya kutoboa katikati. Watu wanaojua kusoma walilalamika kuwa wametoboa tundu la mtu wasiyemtaka. Na Florida iliamuliwa kwa tofauti ya kura 537, ikampa mtu Urais! Nani atasema tena kwamba kupanga maandishi ni mchezo?

Wamarekani hao hao hawaoni haya kufundisha ufundi huu katika vyuo vya miaka miwili vilivyo karibu na watu. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, kwa wanafunzi 6 tu. Nasi tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi tangu 1975. Havikujengwa viwe jalala la waliofeli mitihani.

Kwa hiyo twadai: kila mkoa uwe na chuo kinachofundisha kazi hii kwa vifaa na walimu wanaoijua, na anayehitimu alipwe ujira wa fundi.

Nanyi wanachama, msijitoe katika lawama. Fundi cherehani akishona sare za tawi, mnamlipa. Kijana akichora tangazo la mkutano, mnamwambia, "Saidia chama." Je, yeye hali?

Ndugu, wapelekeni vijana chuoni bila kuona aibu. Anayemcheka mchoraji leo, kesho atatoboa tundu lisilo lake.