Foleni ya Bembea Siku ya Idi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, alasiri ya Idi watoto wetu wa Moshi, pamoja na wale washukao kutoka Machame, hukusanyika penye bembea. Mwenye nguvu hupita mbele, mdogo akabaki akilia. Wapo wazazi wanaouona huo kuwa mchezo tu. Sisi hatuoni hivyo. Zamu ni haki ya mja, na anayempenyeza mwanawe mbele ya wenziwe humfundisha dhuluma katika siku ya furaha.

Tena msongamano huua. Sikukuu ya Idi-el-Fitri mwaka 2008, huko Tabora, watoto takriban 20 walifariki katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Hapa Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walipoteza maisha kwa kukanyagana katika viwanja vya Majengo. Ulikuwa mkusanyiko wa ndugu zetu Wakristo, na msiba ulikuwa wetu sote.

Mtume (s.a.w.), alipoondoka Arafa na umati mkubwa, aliwahimiza watu wawe watulivu. Basi wenye bembea watoe tiketi zenye namba, wadogo wawe na mstari wao, mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea, na uwanja ukijaa mauzo yasimame. Nasi wazazi tusiwatume watoto peke yao. Asubuhi tuliwapanga safu katika swala. Tutashindwaje kuwapanga alasiri?

Wabillahi tawfiq.