UFUNDI WA MAGARI: Gasketi Hulaumiwa kwa Makosa ya Wengine

Husikiwa mara nyingi katika magereji kwamba lori fulani limechoma gasketi. Neno hilo limezoeleka, lakini huwapoteza watu wengi, maana mwenye gari hudhani kwamba kipande hicho kiliungua kwa ubovu wake chenyewe, na kwamba akinunua kingine kipya taabu yake itakwisha. Basi hununua, hufungiwa, hulipa. Baada ya safari chache lori husimama tena kilimani, mvuke unatoka mbele na kabichi za watu zinaharibika nyuma. Hayo huyapata hasa malori ya dizeli ambayo injini zake zimeongezwa nguvu kupita zile zilizotoka nazo kiwandani.

Gasketi ya kichwa ni bamba jembamba lililalalo kati ya bloki ya injini na kichwa chake, ambacho mafundi hukiita hedi. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda usitoroke, na kuzuia maji na oili visiingiliane wala visiingie mahali pasipo pao. Lakini gasketi haina nguvu ya kujishikilia yenyewe. Hushikwa na bolti za hedi, nazo hufanya kazi mfano wa springi: fundi akizikaza, chuma chake huvutika kidogo sana, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakoibana hedi juu ya bloki.

Yafaa kujua nguvu inayopingana na bolti hizo. Injini ya dizeli haiwashwi kwa plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na sita au ya kumi na nane ya ujazo wake, ikawa moto hata kuyawasha mafuta yanaponyunyizwa. Silinda ikiwa na upana wa milimita 95, na msukumo wa moto ukifika kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, hedi husukumwa juu kwa uzito unaopita tani 10. Tena injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, kila silinda hulipiga pigo hilo mara 15 kwa sekunde moja. Watengenezaji huyajua hayo, nao huweka bolti zenye kubana kuliko pigo lenyewe, pamoja na akiba kidogo. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa na mtu anayeongeza nguvu ya injini, wala yeye hana habari.

Njia za kuongeza nguvu ni nyingi. Fundi wa zamani hufungua skrubu ya pampu ili dizeli nyingi zaidi ipite. Mwingine hubadili tabo akaweka kubwa, ipate kuingiza hewa nyingi. Katika magari ya siku hizi hubadilishwa programu ya kompyuta tu, bila spana kugusa kitu. Lakini liko jambo moja ambalo ni baya kuliko hayo yote, nalo ni kuharakisha wakati wa kunyunyiza mafuta. Mafuta yakiwaka mapema, pistoni ingali juu kabisa na nafasi ni ndogo, moto hauna pa kutanukia, na msukumo hupanda ghafula. Dizeli nyingi inayochelewa kuwaka huleta moshi mweusi na joto kali katika bomba la moshi, jambo ambalo laweza kuyeyusha pistoni. Lakini inayowahi mno ndiyo huinyanyua hedi. Dereva hufurahi kwa kuwa gari limekuwa jepesi kilimani, kumbe bolti zinavutwa kidogo kidogo.

Bolti ikivutwa kupita mpaka wake hairudi tena. Ndipo hedi huinuka katika kila pigo, kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na moto hupata mwanya. Hapo tu ndipo gasketi huanza kuungua kwa kweli, nayo huungua upesi, kwa sababu upepo wa moto upitao mahali pembamba hukata chuma kama msumeno.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Kuanzia magari ya mwaka 2003 kampuni ya Ford iliweka katika pikapu zake kubwa injini ya dizeli ya lita 6.0, yenye silinda 8, iliyotengenezwa na kampuni ya Navistar. Injini ya lita 7.3 iliyoitangulia ilikuwa na bolti 6 kuizunguka kila silinda. Hii mpya ilipewa 4, ijapokuwa nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi. Tena njia nyembamba za kipozea oili zilikuwa rahisi kuzibwa na taka. Zikizibika, maji hayakufika ya kutosha kwenye kifaa kinachopoza moshi unaorudishwa katika injini, yakachemka humo, na msukumo wake ukaenea katika njia zote za maji. Juu ya hayo wenye magari wengi walifunga programu za kuongeza nguvu, na gasketi zikashindwa kwa wingi. Mwaka 2007 Ford iliishtaki Navistar kwa sababu ya gharama za matengenezo ya injini hiyo, na ugomvi ukamalizwa kwa mapatano mwaka 2009.

Dawa iliyopendwa huko ni kuondoa bolti za kiwandani na kuweka stadi zenye nati, za chuma kigumu zaidi. Dawa hiyo ni njema, lakini imesifiwa kupita kiasi. Aliyefunga stadi akaacha kipozea kilichozibika alitumia fedha nyingi kuahirisha msiba.

Joto, basi, ni mshirika wa msukumo. Hedi ikipata joto lisilo sawa hupinda, na hedi iliyopinda haikai vizuri juu ya bloki hata bolti zikiwa nzima. Ile ya alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko bloki ya chuma iliyo chini yake, kwa hiyo huisugua gasketi kila injini inapopata moto na kupoa. Katika Kenya nchi yenyewe huongeza mzigo. Maji yanayochemka kwa digrii 100 Mombasa huchemka kwa digrii 91 hivi kule Timboroa, kwenye kimo kinachopita mita 2,700. Kinacholiokoa lori huko ni kifuniko cha rejeta, ambacho kikiwa kizima huyabana maji yasichemke mpaka joto lizidi hapo kwa digrii 20 au zaidi. Kifuniko hicho ni rahisi kuliko vipande karibu vyote vya injini, lakini ndicho hufungwa kwa kamba na kitambaa! Desturi ya kuitoa thamostati nayo haifai, kwa maana katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato yasiende kupozwa. Dereva naye asipande kilima kwa gia kubwa huku injini inanguruma polepole na pampu imefunguliwa. Msukumo katika silinda huzidi sana wakati huo.

Dalili huja kabla ya hasara. Maji hupungua bila kuonekana yanapovuja. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu asubuhi kabla injini haijawashwa. Mapovu hutoka katika maji injini ikizunguka, au lori hutapika maji linapopanda likiwa na shehena. Moshi mweupe usiokwisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni dalili ya mwisho. Mwenye gari akipuuza, silinda huweza kujaa maji usiku, na asubuhi stata ikipigwa mkono wa pistoni hupinda.

Gasketi ya zamani ikiisha kutolewa isitupwe. Ikiwa imekatika kati ya silinda mbili huku sehemu nyingine ni nzima, yafaa pampu na bolti zishukiwe kwanza. Ikiwa imeliwa na kutu kando ya matundu ya maji, lawama ni ya maji matupu yasiyotiwa dawa. Hedi na bloki vipimwe kwa rula ya chuma, matundu ya bolti yafutwe yasibaki na oili, na bolti zikazwe kwa zamu kutoka katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia mkazo. Zile zilizotengenezwa kukazwa mara moja tu zisirudiwe. Na kwa kuwa gasketi nyingi za dizeli huuzwa kwa unene mbalimbali, unaoonyeshwa kwa vikato vidogo ukingoni, mnunuzi aichukue ile ya zamani mpaka dukani na kuhesabu vikato vyake mbele ya muuzaji. Isipokuwa hedi au bloki ikiwa imesagwa, maana hapo ni lazima fundi apime kwanza jinsi pistoni zinavyotokeza juu ya bloki.