Krimu ya mchanganyiko haitibu kila upele

Mwanzoni mwa wiki mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba. Shavu la kushoto lote lilikuwa na doa lisiloeleweka umbo lake, lina vipele vyenye usaha pembeni na ngozi iliyopauka katikati. "Lilianza dogo, Daktari, la duara kama shilingi," akasema. "Nikampaka krimu, siku ya tatu likapoa. Nikiacha linarudi, tena kubwa kuliko mwanzo." Alikuwa amepaka kwa wiki sita. Nilipoomba kuiona hiyo krimu, akatoa kwenye pochi tyubu iliyokunjwa kuanzia chini hadi shingoni, kama ya dawa ya meno.

Ndani ya tyubu ile kulikuwa na dawa tatu: betamethasoni, klotrimazoli na gentamaisini. Ya kwanza ni steroidi, ya pili ni ya fangasi, ya tatu ni ya bakteria. Aliipata dukani kwa maneno manne: "Naomba dawa ya ngozi."

Simlaumu mama huyu. Hata muuzaji nadhani alitaka kusaidia. Tyubu moja yenye dawa tatu inaonekana ni akili: kama si hiki kitakuwa kile. Lakini kwa ngozi hesabu haiendi hivyo, na kila wiki naona watoto wanaolipa gharama yake.

Doa la mtoto yule lilikuwa fangasi, wale ambao wengi tunawaita mashilingi. Muwasho na wekundu wa fangasi hutokana na mwili wenyewe kupambana. Steroidi hutuliza mapambano hayo, ndiyo maana siku ya tatu mama aliona nafuu. Fangasi hakuwa amekufa. Alibaki kwenye shamba lisilo na mlinzi, akaendelea kutambaa. Klotrimazoli ilikuwamo, ni kweli, lakini inahitaji wiki kadhaa mfululizo, na nani anaendelea kupaka dawa wakati muwasho umekwisha? Mbaya zaidi, ule mduara unaotusaidia kumtambua fangasi kwa macho ulikuwa umefutika. Hata mimi nililazimika kukwangua ngozi na kuipeleka maabara.

Nisieleweke vibaya. Steroidi ya kupaka ni dawa nzuri mno. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, anayejikuna usiku kucha hadi shuka zinapata damu, anaihitaji, na ninawaona wazazi wanaoiacha mapema kwa hofu za kuambiwa na majirani, mtoto akazidi kuteseka. Ninachopinga ni kuipaka bila kujua kwamba unapaka steroidi.

Basi soma boksi. Majina nimeyaandika kwa matamshi yetu; kwenye boksi yapo kwa Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Haidrokotisoni ni steroidi ya upole. Betamethasoni ina nguvu. Klobetasoli ina nguvu kuliko zote mbili. Na tafadhali usidanganywe na asilimia: krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu mbali sana na klobetasoli ya asilimia 0.05. Namba hiyo inaeleza kiasi cha dawa kilichomo, haikuambii ukali wake.

Steroidi kali ikipakwa muda mrefu hukonda ngozi, huleta michirizi na chunusi, na ikipakwa karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inanyonya dawa zaidi. Chini ya nepi inanyonya zaidi tena, kwa sababu nepi hufunika na kuhifadhi joto na unyevu. (Wanaotumia krimu hizi kuwa weupe, yaani mkorogo, nitawaandikia siku yao.)

Jambo la pili ambalo hatuwaelezi wagonjwa ni umbile la dawa. Wengi hudhani krimu na dawa ya mafuta ni kitu kimoja. Dawa ya mafuta, ambayo vitabu huiita marhamu, mara nyingi msingi wake ni mafuta ya mgando kama yale ya kupaka baada ya kuoga. Huifunika ngozi, hivyo inafaa pale palipokauka, palipokuwa pagumu au penye nyufa, na dawa ileile ikiwekwa humo kwa kawaida hufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ikiwa krimu. Najua inanata, na kwa joto la Dar es Salaam mtu anatoka nayo barabarani akarudi na vumbi lote la mtaa. Ipake usiku.

Krimu ni maji na mafuta vilivyochanganywa. Inaingia haraka, inafaa usoni, kwenye mikunjo na penye unyevunyevu. Kwa sababu ina maji huwekewa vihifadhi ili isioze, na wapo watu ambao vihifadhi hivyo huwawasha. Kama krimu inakuchoma kila ukipaka, sema, pengine utabadilishiwa ya mafuta. Losheni na jeli ni rahisi kufikia ngozi penye nywele, ila jeli nyingi zina spiriti na zitamliza mtoto mwenye michubuko. Kalamaini itikise kwanza, maana unga wake hutuama chini na usipotikisa unapaka maji ya juu tu.

Kiasi nacho kina kipimo chake, kidole. Kamua dawa kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, mstari mmoja kutoka kwenye mkunjo wa kwanza hadi ncha. Hiyo ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, mkono mzima hadi kiganjani unahitaji kidole kimoja na nusu. Pima kwa kidole chako wewe mzazi, si cha mtoto.

Hapa nami nina la kukiri. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliandika "paka mara mbili kwa siku" nikadhani nimemaliza. Baba mmoja alirudi kwangu mara tatu na mtoto mwenye upele wa kuambukiza, ule unaowasha zaidi usiku na kukaa katikati ya vidole. Nilikuwa nimempa benzili benzoeti. Mara ya tatu ndipo nilipomuuliza anaipakaje. Alikuwa anagusa kila kipele kwa pamba, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa. Na alikuwa anamtibu mtoto huyo peke yake, ilhali wanalala wanne kitanda kimoja. Dawa ile hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, pamoja na chini ya kucha, kwa wote wa nyumba siku hiyohiyo, wawashwe wasiwashwe, na nguo na shuka zifuliwe. Kwa watoto huzimuliwa kwa maji kulingana na umri. Kwa wachanga mara nyingi tunatumia mafuta ya salfa badala yake. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wakiwa wamekufa. Hayo yote sikumwambia. Alidhani dawa ni feki.

Kwa hiyo ninapowaomba wauzaji wa maduka ya dawa waulize maswali kabla ya kushika tyubu (ni wapi, tangu lini, ni nani mwingine nyumbani anawashwa, umeshapaka nini), najiomba na mimi na wenzangu. Tuandike vidole vingapi, siku ngapi, sehemu gani. Dakika mbili zinatosha.

Wewe mzazi, ukipewa klotrimazoli kwa ajili ya mashilingi, paka asubuhi na jioni, vuka ukingo wa doa kwa sentimita mbili hivi, na endelea wiki mbili baada ya doa kutoweka. Mapunye ya kichwani usipoteze pesa kwa krimu peke yake; haifiki kwenye mzizi wa unywele, yanahitaji dawa ya kumeza.

Binti wa miaka saba tumemwachisha krimu ya mchanganyiko. Nilimwonya mama yake kwamba siku za mwanzo uso utaonekana mbaya zaidi, maana steroidi ikiondoka wekundu unarudi kwa kishindo, na asishawishike kukimbilia dukani. Kama na wewe umepaka krimu ya namna hiyo usoni kwa wiki nyingi, usihangaike nayo peke yako. Nenda kituo cha afya, na beba kila tyubu uliyotumia, hata zilizokwisha.