Gari la fahari nalo hutumwa sokoni

Ndugu Mhariri,

Majirani hunishauri nilifunike gari langu turubai, nilitoe Idi hadi Idi. Ni Eunos Roadster, jina lililotumika Japani kwa Mazda MX-5 ya kwanza, iliyozinduliwa 1989: viti viwili, taa zinazochomoza bonetini kama macho ya chura. Mimi naendea nalo kazini, na Jumamosi mkungu wa ndizi hukaa kiti cha abiria, tena nimeufunga mkanda.

Kulificha ndiko kuliua. Betri hufa, na unyevu wa pwani ukinaswa chini ya turubai huzaa kutu. Shughuli ni kuegesha. Kivuli cha mwembe ni kitamu mpaka msimu ufike. Embe bichi moja tu liliniachia bonde la ukubwa wa kisosi juu ya boneti. Sasa naegesha juani, nikirudi usukani haushikiki. Tena kuna wezi: vioo vya pembeni nimevichonga namba, kama wengi hapa Dar, na bado mgahawani nachagua meza inayotazama nje.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni tuta la mtaani kwetu, lililomwagwa zege usiku mmoja bila kibao wala rangi. Nalipanda kimshazari, gurudumu mojamoja, bodaboda wakinipigia honi nyuma, na bomba la moshi bado linakwaruza. Hata bajaji zinagota. Waliolijenga walishushe kimo na kulipaka rangi. Gari sibadilishi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam