Mficha Uchi Hazai: Homoni, Uanaume na Kimya cha Mitaani

Apitaye jioni katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Jericho na Makadara hadi Umoja na Kayole, hakosi kuona mambo mawili. La kwanza ni vijana wa kiume wanaonyanyua vyuma uani, vingine vikiwa mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa ufito. La pili ni matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima yakiahidi kurudisha ‘nguvu za kiume’. Yote mawili humwambia kijana kwamba uanaume ni nguvu, na kwamba nguvu hununuliwa. Ni maoni yangu kwamba neno hili ‘nguvu’ linawaponza vijana wetu, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama.

Rafiki yangu wa utotoni alianza kudungwa sindano za testosteroni na mwenzake wa kunyanyua vyuma. Kifua kilipanuka, naye akasifiwa mtaa mzima. Kabla ya mwaka kwisha, korodani zilikuwa zimesinyaa na matiti yamevimba. Alipofika zahanati alimkuta muuguzi wa umri wa mamaye. Akaona haya, akasema mgongo unamuuma. Akapewa dawa za mgongo. Alipooa, mtoto hakupatikana, na hapo ndipo aliponipigia simu akiniuliza: “Wewe uliyesomea Kiswahili, nimwambie daktari maneno gani?” Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu urijali katika fasihi yetu. Hata hivyo, nilibabaika kulitamka neno ‘korodani’ kwa mwanamume mwenzangu.

Homoni si nguvu. Homoni ni tarishi apelekaye ujumbe mwilini kwa njia ya damu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huziagiza korodani kutengeneza testosteroni na mbegu za uzazi. Ubongo ukibaini kwamba testosteroni imejaa katika damu, husitisha agizo hilo. Kwa hiyo, ajidungaye huzinyamazisha korodani zake mwenyewe: husinyaa, na mbegu hupungua, pengine zikatoweka kabisa. Sehemu ya ziada hugeuka estrojeni, homoni ambayo kwa kawaida huwa nyingi kwa wanawake, na matiti yakavimba. Isitoshe, damu huwa nzito na kuweza kuganda, na moyo ukawa hatarini. Akiacha, huenda mwili ukachukua miezi mingi, hata miaka, kabla ya kurejea hali yake, na katika kipindi hicho hulegea na kujawa na huzuni. Hivyo basi, atafutaye uanaume kwa sindano aweza kupoteza uwezo wa kuzaa.

Homoni ya ukuaji nayo ina mkasa wake. Mwili huitoa kwa wingi mtu anapolala usingizi mzito. Ikizidi kwa mtu mzima, haimwongezi kimo: mikono, miguu na taya hupanuka, viungo huuma, na hatari ya kisukari na shinikizo la damu huongezeka.

Tamaa hii haikuanza leo. Mwaka wa 1889, Charles-Édouard Brown-Séquard, daktari mzaliwa wa Mauritius aliyekuwa na umri wa miaka 72, aliwatangazia wasomi wenzake mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Siku hizi inaaminika kwamba alichokihisi kilitokana na imani yake tu. Testosteroni yenyewe ilitengwa mwaka wa 1935. Sindano ya leo ina dawa halisi, ila imani ni ile ile.

Katika Eastlands imani hii ilipata rutuba. Wakati wa ukoloni, nyumba nyingi za huku zilijengwa ziwe malazi ya wanaume waliokuja mjini peke yao kufanya kazi za mikono. Mwanamume alithaminiwa kwa misuli yake. Kazi hizo zimepungua, lakini kipimo kimebaki.

Yapo mambo mawili yanayoweza kusemwa dhidi ya hoja yangu. Kwanza, wapo wanaume waliopungukiwa na testosteroni kwa kweli, nao hufaidika na tiba. Nakubali. Lakini hao hupimwa damu asubuhi, homoni hiyo inapokuwa juu, na zaidi ya mara moja, kisha hufuatiliwa na daktari. Pili, itasemwa kwamba hii ni kazi ya madaktari na ya sheria. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka wa 2016 iliunda wakala wa kupambana na dawa hizi katika michezo nchini Kenya. Hata hivyo, kijana wa Dandora anayejidunga ili apendeze hashiriki mashindano yoyote. Hana ampimaye. Tena, daktari hatibu asichoambiwa.

Hapa ndipo sisi wakereketwa wa Kiswahili tunapohitajika. Tumejadili istilahi kwenye makongamano, tukasahau kumpa mgonjwa neno la kusema mbele ya muuguzi. Baadhi yetu huiita homoni ‘kichocheo’, na kwa kijana, kichocheo kikiongezwa moto huzidi. Tumweleze kwamba ni tarishi, na kwamba tarishi wakizidi ujumbe huvurugika. Tuyatamke maneno ‘korodani’, ‘mbegu’ na ‘utasa wa mwanamume’ bila kucheka, madarasani na katika maigizo tunayoyapeleka mitaani.

Rafiki yangu hatimaye alirudi zahanati na kuyataja mambo kwa majina yake. Ameacha sindano na anatibiwa, ingawa bado anasubiri mtoto. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Kwake yeye methali hii si tamathali tena.