Neno la Mhariri: Karani wa Yeremia

Kati ya watu wote wanaotajwa katika maandiko matakatifu, anayestahili kutafutwa kwanza na msomaji mwenye hamu ya kujua vitabu hivyo vilipatikanaje ni Baruku mwana wa Neria, karani wa nabii Yeremia. Swali la nani angefaa kuonana naye ana kwa ana huulizwa mara nyingi, na majibu yake hayapishani sana: Musa, Daudi, Yusufu, Mariamu, Paulo, na kwa wengi Yesu mwenyewe. Ni majibu ya heshima. Hata hivyo Paulo ameacha barua, na zaburi nyingi zimebeba jina la Daudi. Maneno yao yamekwisha kufika. Kilichofichika ni njia ambayo maneno hayo yalipitia, na mashahidi wa njia hiyo ni haba. Katika Biblia ya Kiebrania hakuna mwandishi mwingine wa kitabu cha nabii ambaye kazi yake imesimuliwa kwa hatua kama ya Baruku, kuanzia imla hadi nakala ya pili.

Baruku hakuwa mtu wa kuokotwa njiani kwa sababu tu alijua herufi. Ndugu yake Seraya alikuwa ofisa wa mfalme Sedekia, na yeye mwenyewe alifahamika kwa makarani wa ikulu. Alitoka katika tabaka la waandishi wa Yerusalemu, walioshika hati na barua za dola ndogo ya Yuda. Mwaka 605 KK, mwaka ambao Wababeli waliwashinda Wamisri huko Karkemishi kando ya Mto Frati, Yeremia alimwita aandike katika gombo moja maneno yote aliyoyanena tangu enzi ya mfalme Yosia, maneno ya zaidi ya miaka 20. Nabii alitamka, karani akaandika. Hapo ndipo maswali ya kumuuliza yanapoanzia. Je, nabii alikumbuka hotuba hizo zote kwa moyo, au palikuwa na vipande vilivyoandikwa zamani? Alipokwama, nani alimkumbusha? Je, karani alinyoosha sentensi iliyopinda, au aliiacha kama ilivyotoka kinywani?

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, watu wa Yuda walitangaziwa mfungo. Kumbukumbu za Wababeli zinaonyesha kwamba mwezi huohuo wa mwaka 604 KK mfalme wao Nebukadreza aliuteka Ashkeloni, mji wa Wafilisti kwenye pwani, kwa hiyo hofu iliyowajaza watu hekaluni ilikuwa na sababu. Yeremia alikuwa amezuiwa kuingia humo. Baruku akaenda na gombo, akalisoma mbele ya umati katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Mwana wa Gemaria, Mikaya, alishuka mbio hadi ikulu kutoa habari, na wakuu wakamwita msomaji. Walimkaribisha aketi, wakamtaka asome tena. Waliposikia walitazamana kwa hofu, wakasema hapana budi mfalme aambiwe. Kisha, kabla ya kwenda, wakauliza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama: maneno haya uliyaandikaje? Baruku akajibu kwamba Yeremia aliyatamka kwa kinywa chake naye akayaandika kitabuni kwa wino. Lilikuwa swali la watu wa kazi moja. Makarani wa ikulu walijua kwamba uzito wa mashtaka ungetegemea maneno yalikuwa ya nani, ya nabii au ya mwandishi. Walipopata jibu, walimshauri akajifiche pamoja na nabii wake, mtu yeyote asijue walipo.

Mfalme Yehoyakimu alikuwa katika nyumba yake ya majira ya baridi, jiko la makaa likiwaka mbele yake. Mtumishi wake Yehudi alisoma, na kila alipomaliza safu tatu au nne, zilikatwa kwa kisu kidogo cha mwandishi na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Elnathani, Delaya na Gemaria walimsihi asifanye hivyo, lakini hakuwasikia. Msimulizi anaona ni muhimu kutaja kwamba hakuna aliyerarua mavazi yake, na msomaji wa zamani alijua kwa nini. Miaka 18 hivi kabla ya hapo, kitabu cha torati kilipoonekana hekaluni, aliyekisoma mbele ya mfalme alikuwa mwandishi Shafani, baba yake Gemaria; na mfalme aliyerarua mavazi yake kwa kukisikia alikuwa Yosia, baba yake Yehoyakimu. Baba alisomewa akatetemeka, mwana alisomewa akaota moto. Ustadi wa namna hii haumpati mtu kwa bahati, na wataalamu wengi wamehisi mkono wa Baruku mwenyewe, au wa watu wa tabaka lake, katika sura hizi za masimulizi. Hilo pia ni la kumuuliza.

Gombo la pili liliandikwa kwa imla ileile, na sura ya 36 inamalizia kwa kusema kwamba yaliongezwa maneno mengine mengi mfano wa yale. Sentensi hiyo fupi imekuwa na kazi kubwa. Kitabu cha Yeremia kimetufikia katika maumbo mawili. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ni fupi kuliko matini ya Kiebrania ya kimapokeo kwa karibu sehemu moja ya saba, na mpangilio wake ni tofauti: maneno juu ya mataifa ya kigeni, ambayo Biblia za Kiswahili zinayaweka sura ya 46 hadi 51, katika Kigiriki yako katikati ya kitabu. Zamani iliwezekana kudhani kwamba mtafsiri alipunguza kwa uvivu. Dhana hiyo ilidhoofika baada ya mwaka 1952, pango la nne la Qumran lilipotoa vipande vya Yeremia kwa Kiebrania, vingine vikifuata umbo refu na vingine vikifanana na lile fupi. Maumbo yote mawili, basi, yalikuwako kwa Kiebrania, na yalisomwa na watu wa mahali pamoja. Nani aliongeza, lini, na kwa ruhusa ya nani? Kuanzia gombo la pili, mtu wa kwanza kujibu ni karani.

Makala za toleo hili zinawafuata watu wa aina yake, na hawapatikani kwa Wayahudi peke yao. Waislamu wanamkumbuka Zaid bin Thabit, mwandishi wa wahyi, aliyepewa na Abu Bakr kazi ya kukusanya Qurani baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama. Katika fasihi ya Kiswahili, mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingesomwa leo kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya na kuyaandikisha miongo kadhaa baada ya mshairi kufa. Muyaka anajulikana, Sikujua hutajwa katika dibaji.

Baruku ana bahati moja ambayo makarani wengi hawakuipata: sura nzima, ya 45, inamhusu yeye. Ni fupi mno, aya tano tu. Ndani yake analalamika kwamba amechoka kwa kuugua na hapati raha, na anajibiwa kwamba asijitafutie mambo makuu, ila uhai wake utaokolewa kokote aendako. Ni mambo makuu gani aliyoyatamani? Wengine wanadhani ni cheo ikuluni kama cha ndugu yake, wengine ni unabii wenyewe. Katika mpangilio wa Kigiriki maneno hayo yako karibu na mwisho wa kitabu, mahali ambapo mwandishi angeweka jina lake.

Kazi yake nyingine ilikuwa kavu zaidi, na kwa hiyo inaaminika zaidi. Yerusalemu ukiwa umezingirwa, Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Baruku alikabidhiwa hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zidumu. Vidonge vya udongo vyenye chapa za mihuri ya aina hiyo vimechimbuliwa kweli: mwaka 1982 wachimbaji wakiongozwa na Yigal Shiloh walipata 51 katika Mji wa Daudi, na kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Kidonge cha Baruku mwenyewe hakina hadhi hiyo. Kilitoka sokoni kwa wauza vitu vya kale, kikatangazwa na Nahman Avigad katika miaka ya 1970, kikashangiliwa kwa miongo kadhaa; mwaka 2014 uchunguzi wa Yuval Goren na Eran Arie ulikata kauli kwamba ni cha kughushi. Jina kamili juu ya kitu kisichojulikana kilichimbuliwa wapi lilipaswa kutiliwa shaka mapema zaidi.

Lipo pingamizi la kweli dhidi ya chaguo hili. Karani mwaminifu huenda akamtetea bwana wake, na asiseme lolote ambalo gombo halisemi. Hata watu wa wakati wake hawakukubaliana juu ya uaminifu huo: baada ya Yerusalemu kuanguka, Azaria na Yohanani, viongozi wa watu waliosalia, walidai kwamba Baruku ndiye anayemchochea Yeremia ili wao watiwe mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli. Kwao karani alikuwa ndiye msemaji. Walimchukua yeye na nabii hadi Tahpanhesi, Misri, na hapo Biblia ya Kiebrania inamwacha. Kitabu kinachobeba jina lake, kinachosomwa na Wakatoliki na Waorthodoksi, kinamweka Babeli, na Talmudi inasema Ezra hakupanda kwenda Yerusalemu maadamu mwalimu wake Baruku alikuwa hai. Misri na Babeli haziwezi zote mbili kuwa mwisho wake, labda alitoka moja akaenda nyingine. Na kama alikwenda, lililo kubwa la kumuuliza ni gombo lipi alilokuwa amelibeba.